Jivu kwenye Miche ya Bibi Gambuti

Vijana wenzangu wa bustani, siku niliyoacha kazi mlinisindikiza hadi getini, mkanipa blanketi na saa ya mkononi. Ahsanteni kwa blanketi. Saa mmenipa siku ambayo sina tena haja ya kujua saa, lakini nayo naivaa kanisani. Mlisema niandike niliyoyaona kwa miaka yote ile ili yasipotee. Nimekaa miezi miwili bila kuandika neno, kisha wiki iliyopita likatokea jambo lililonifanya ninunue daftari siku ile ile. Nitalieleza likifika zamu yake.

Habari za mshahara sitaandika, mnazijua na hazifurahishi. Vyeo navyo, bustanini ni viwili tu: kuna anayeshika ufunguo wa stoo na kuna asiyeushika. Mimi nimekuwa wote wawili, na si kwa mpangilio mnaoudhania.

Nilianza kazi kabla ya vita vya Hitla. Nilikuwa nimeoa, tuna mtoto mmoja, na kihamba cha baba, shamba letu la nyumbani, kilikuwa kimegawanywa mpaka migomba yangu ningeweza kuihesabu nikiwa nimelala. Nikasikia kwamba nyumba ya mawe iliyo juu ya barabara ya Moshi, karibu na msitu, inatafuta mtu wa bustani. Mwenye nyumba alikuwa Mwingereza mjane. Mumewe alipofariki aliuza shamba la kahawa akabakiza nyumba na bustani, na mvua inyeshe isinyeshe alivaa gambuti. Ndiyo maana sisi sote tulimwita Bibi Gambuti, na mwenyewe alijua, wala hakukasirika.

Hata hivyo sikupokewa na yeye. Nilipokewa na Mzee Salimu.

Mzee Salimu alikuwa mtu wa Tanga, mwembamba, mwenye kofia nyeupe iliyofuliwa kila siku hata aliposhinda kwenye samadi. Enzi za Mjerumani alikuwa kijana wa bustani za miche kule Usambara, na kila alichojua alijifunza kwa kuchuchumaa. Siku ya Ijumaa alikwenda mjini kuswali. Siku nyingine zote aliishi kwenye chumba nyuma ya stoo, na ufunguo wa stoo aliufunga kwenye shuka yake kiunoni.

"Shikamoo, Mzee," nilimwambia.

"Marahaba. Jina lako?"

"Eliakimu."

"Unajua kulima?"

Nikacheka kidogo. Mmeru anaulizwa kama anajua kulima! Nikamwambia nimezaliwa shambani.

"Vizuri," akasema. "Basi weka jembe chini. Kaa pale mpaka adhuhuri, kisha uniambie umeona nini."

"Pale" palikuwa tuta refu lenye mimea mifupi ya majani matatu matatu. Nikakaa. Adhuhuri akaja akauliza, "Umeona nini?" Nikamwambia nimeona majani. Akasema kesho nikae tena. Nilikaa siku nne nikilipwa kwa kutazama, na mke wangu nilipomweleza aliniuliza kama kweli nimepata kazi au nimerukwa na akili. Siku ya nne nikaona. Mmoja wa mimea ile ulikuwa umetoa kamba nyembamba nyekundu, kamba ikatambaa juu ya udongo kiasi cha shubiri moja na nusu, ikasimama, na pale iliposimama ikaanza kuota majani na mizizi. Mama alikuwa ametuma mtoto wake aende akajenge kwake, lakini bado alikuwa akimlisha kwa ile kamba. Nilikuwa mtu mzima, nimepanda migomba na kahawa na viazi, na sikuwahi kuona kitu kama kile. Nywele za mikono zilinisimama. Mzee Salimu alipokuja kuuliza sikungoja amalize, nilimshika mkono nikamvuta aje kuona, kana kwamba hajawahi kuona.

"Hiyo ni stroberi," akasema. "Sasa chukua jembe."

Kwa wale wanaotaka faida na si hadithi, nayaandika hapa aliyonifundisha. Panda stroberi juu ya tuta, maji yasituame. Ule moyo wa mmea, pale majani yanapotokea, uwe sawa na uso wa udongo: ukiufukia unaoza, ukiuacha juu unakauka. Mzee Salimu alipandia kijiko cha chakula kilichonolewa upande mmoja mpaka kikawa na makali. Bibi alimnunulia vijembe vya dukani vyenye mipini myekundu, akashukuru, akavitundika ukutani vikae vizuri. Maua ya kwanza yakate, japo roho inauma, ili mmea upate nguvu. Tandaza nyasi kavu chini ya matunda yasiguse udongo. Kamba usiziache zote zitambae, maana mama mwenye watoto wengi hazai matunda. Nilipomweleza mke wangu hili la mwisho hakulipenda.

Maadui ni watatu: tumbili, ndege na konokono. Tumbili hawana dawa isipokuwa mtu. Ndege tuliwazuia kwa nyavu. Kwa konokono nilitoa mchango wangu wa kwanza katika bustani ile, nami nilijivuna nao sana. Nilizungushia tuta mstari wa jivu kutoka jikoni. Konokono akifika pale anarudi alikotoka. Mzee Salimu alitazama, akatikisa kichwa kukubali, akasema tu, "Liishie hapo nje ya tuta." Nikadhani anasema hivyo kwa usafi.

Ninyi wa huku mnajua jivu ni nini kwetu. Mama yangu alitoa jivu mekoni kila alfajiri, na kabla hajasalimia mtu alikuwa amekwisha kulimwaga kwenye shina la mgomba. Mche mpya ukiletwa nyumbani, uwe wa mgomba au wa mparachichi, hupewa jivu la jiko letu kwanza, ndipo unahesabiwa kuwa wa kwetu. Hatukufundishwa darasani. Ni sawa na kumwekea mgeni kigoda.

Vita vikaja vikaisha. Miaka michache baadaye Bibi alinituma stesheni ya Arusha na toroli kupokea mzigo uliotoka Tanga kwa treni. Ulikuwa kifurushi kirefu cha gunia, kizito kwa maji. Tulipokifungua nyumbani tulikuta vijiti sita vilivyofungwa kwenye ukoka wa kijani wenye unyevu, bila jani hata moja. Bibi alipiga magoti na gambuti zake. Nilikuwa sijawahi kumwona amepiga magoti mbele ya kitu.

Bibi alizungumza Kiswahili cha masetla, ambacho kila tendo linafanyika sasa hivi. "Hii natoka kwa dada yangu," akatuambia. "Yeye nakaa Amerika, upande ya chini, baridi hapana kali. Hii nazaa buluberi." Akatueleza kwamba walipokuwa wasichana kwao Uingereza walikuwa wakipanda vilima kuchuma matunda madogo ya buluu yaliyoota porini, wanarudi midomo imekuwa myeusi, wanapigwa. Dada yake sasa alikuwa mgonjwa. Alikuwa ameichimba miche hii kwenye bustani yake mwenyewe, ndugu wa yale matunda ya utotoni, akaituma ivuke bahari. Katika barua aliandika kwamba inataka udongo mchachu.

Mzee Salimu alisomewa barua ile na Bibi. Mimi nilikuwa nikirudisha toroli, sikuisikia. Alichimba mashimo sita, akayajaza majani yaliyooza ya misonobari, ile iliyoletwa ikiwa michanga kutoka msitu wa serikali wa Olmotonyi. Mitano akaipanda kwa mstari mbele ya baraza. Wa sita ulikosa nafasi, akaupanda nyuma ya tangi la maji ya mvua. Miche ikachipua. Majani yake yalikuwa madogo, laini, yenye unga wa buluu kwa mbali, nami niliyapenda mara moja.

Mwezi uliofuata Mzee Salimu alipata habari kwamba kaka yake amefariki Tanga. Kabla hajaondoka alinifungulia stoo akanikabidhi kazi. "Buluberi palilia kwa vidole, mizizi iko juu. Maji kidogo kidogo. Usifanye lingine." Akapanda treni akiwa na haraka na huzuni. Alikaa huko miezi minne, kwa matanga na kwa mambo ya mirathi.

Nikabaki na vijiti sita vya dada wa Bibi. Nataka mnielewe hapa. Sikufanya uvivu, wala sikufanya ujeuri. Niliipenda ile miche. Niliiona iko ugenini, imevuka bahari, haina mtu, na haijapewa jivu. Basi kila asubuhi nilichota karai moja la jivu kwenye jiko la Bibi nikaigawia ile mitano ya mbele, na nikainywesha maji ya mfereji. Karai halikutosha miche sita. Ule wa nyuma ya tangi nilijiambia utapata kesho. Nadhani ulipata mara mbili tu.

Baada ya wiki kadhaa majani yakaanza kugeuka manjano, mishipa ikabaki kijani. Nikadhani miche ina njaa. Nikaongeza jivu. Ncha zikakauka, nikaongeza tena. Wa kwanza ulikufa, wa pili ukaufuata, na mimi kila asubuhi na karai langu. Siku ule wa tano ulipokauka, Bibi aliletewa simu ya maandishi kutoka posta. Dada yake alikuwa amefariki. Akaisoma akiwa amesimama barazani, akaikunja, akatazama ule mstari wa vijiti vikavu. Nilitamani anigombeze.

Mzee Salimu alirudi juma lile. Hakubadilisha hata nguo za safari. Alichuchumaa penye mche wa kwanza, akachukua udongo kwa ncha ya kidole akauweka ulimini, akautema. Akaniambia nimletee ndimu kutoka jikoni. Akaikata kwa kile kijiko chake, akaikamulia pale penye shina. Udongo ukachemka. Ulitoa mapovu mbele ya macho yetu, bila moto, kwa sauti ndogo. Nilirudi nyuma hatua mbili.

"Nani katia jivu?" akauliza, kwa upole kabisa.

Kabla sijajibu Bibi alikuwa amefika. Alikuwa ameona mapovu. Akauliza hilo hilo kwa Kiswahili chake, "Nani nafanya hii?"

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Lakini nikafikiria nyumbani, mke wangu mjamzito wa mtoto wa tatu, ile migomba ya kuhesabu, na ulimi ukakwama. Wakati ule ule kisigino cha Mzee Salimu kikanikanyaga vidole vya mguu, kikabaki hapo.

"Ni mimi, Memsabu," akasema.

Bibi alimtazama. Walikuwa wamefanya kazi pamoja tangu kabla sijajua kuna stroberi duniani. Akanyoosha mkono. Mzee Salimu akafungua fundo la shuka, akatoa ufunguo wa stoo, akampa. Bibi akanigeukia akauweka mkononi mwangu. "Mzee," akasema, "wewe fagia njia tu sasa." Akaingia ndani.

Nilimwomba Mzee radhi jioni ile huku nikilia, mtu mzima mwenye ndevu. Hakunipa nafasi ya kumaliza. "Umebaki mmoja," akasema. "Twende nyuma ya tangi."

Ule wa sita ulikuwa hai kwa shida. Ulikuwa na majani tisa, saba ya manjano. Mzee Salimu akanieleza kwa lugha ya jikoni, nami nawaeleza ninyi hivyo hivyo. Jivu ni ndugu wa magadi. Maharage hulainika kwa magadi, mgomba hunenepa kwa jivu, na mche huu hufa, kwa sababu wenyewe hula uchachu. Hata maji ya mfereji wetu, haya yanayotupaka meno rangi na kuacha ukoko mweupe ndani ya birika, kwake ni sumu ya polepole. Uliponea kwa kuwa nilikuwa nimeusahau na kwa kuwa tangi lilivuja.

"Tutapata wapi udongo mchachu wa kutosha?" nikamuuliza. Majani ya misonobari yalikuwa yamekwisha.

"Mimi ni mtu wa Tanga," akasema. "Mlima ni wenu."

Nilifikiri siku tatu. Ule mche ulikuwa na ua moja lililokauka, ua dogo jeupe lenye umbo la kengele, limening'inia likitazama chini. Nikaligeuza-geuza vidoleni. Nilikuwa nimeliona mahali. Siku ya tatu, nikiwa nanyoa ndevu, nikakumbuka: juu kabisa, kupita mizinga ya baba, kuna vichaka vyenye kengele hizo hizo, na nyuki wa baba walikuwa wakizunguka humo.

Msitu ni wa serikali, kwa hiyo Bibi aliniandikia barua kwa Bwana Miti, nikaruhusiwa. Nilimwambia Bibi nakwenda kutafuta mbolea. Nilipanda kulipopambazuka. Nilipita migomba ya mwisho, nikapita miti mikubwa yenye ndevu nyeupe, nikapita mizinga ya baba, na mlima ukaendelea. Nilikuwa nimezaliwa chini yake, nimeutazama kila siku ya maisha yangu kuona kama mvua inakuja, na kumbe sikuwahi kuuona. Kulikuwa na ukimya hata nikasikia damu yangu mwenyewe. Kisha ukungu ukafunguka, nikajikuta nimesimama katikati ya vichaka vilivyojaa kengele nyeupe, maelfu, zote zimeinama, zimelowa umande. Nilitoa kile kiua kikavu kutoka kwenye bahasha niliyokuwa nimekitia nikakiweka kando ya mojawapo. Yalikuwa ndugu. Moja limetoka Amerika kwa meli na treni, jingine halijawahi kutoka Meru, na uso ni mmoja. Nilivua kofia. Sikuwa na sala iliyofaa, nikasema tu, "Bwana, sikujua."

Nikachota udongo wa chini ya vile vichaka. Ulikuwa mweusi, mwepesi, na ulinukia majani ya chai. Niliuonja kama nilivyofundishwa, ukanikunja uso. Nikashuka na gunia moja mgongoni, nikafika nyumbani jua linazama. Safari hiyo niliirudia mara tisa.

Tuliuhamisha mche wa sita kwenye shimo la udongo wa mlimani, Mzee akielekeza huku ameshika fagio lake. Ulikunywa maji ya mvua peke yake. Nilimkataza mpishi asipite upande ule na ndoo ya jivu, akasema nimeanza kuwa kama Wazungu. Majani yakarudi rangi. Mvua za vuli zikapita, masika yakapita, na mimi nikiwa na ufunguo mfukoni. Ulikuwa ufunguo mdogo, lakini ulinichoma paja kila nilipopita njiani nikamkuta Mzee Salimu amejikunja anafagia majani, kofia yake nyeupe vile vile. Alikuwa ananisalimu kwa furaha. Afadhali angenitukana.

Katika mwaka wa pili mche ukatoa kengele zake. Nyuki wakubwa weusi, wale wanaotoboa mbao za paa, ndio waliozijulia. Kisha yakaja matunda. Yalikuwa saba. Mche mmoja peke yake huzaa kidogo, unataka mwenzake karibu, lakini hilo tulilijua baadaye. Yalianza kijani, yakawa mekundu, yakawa ya buluu yenye unga juu yake, na ukiufuta unga kwa kidole huurudishi tena. Siku hizo nilikuwa nikienda kuyatazama kabla ya kunawa uso.

Bibi aliyachuma mwenyewe, akayaweka kwenye kisosi. Kisha akaninyooshea mimi kisosi kwanza. "Wewe nafanya hii, Eliakimu. Wewe kula."

Nikasema, "Memsabu, jivu lilikuwa langu." Nilisema haraka nisije nikakwama tena. Nikamweleza yote, karai, asubuhi zote zile, miche mitano ya dada yake, kisigino cha Mzee. Uso wake ukabadilika rangi. Alirudisha kisosi kifuani, akaingia ndani, mlango ukafungwa kwa nguvu. Nikaenda kukunja blanketi langu, tayari kuondoka.

Nilipotoka nalo nilimwona anashuka njiani na kisosi mkononi. Mzee Salimu alikuwa anafagia. Sikusikia aliyomwambia. Nilimwona Mzee akiegemeza fagio kwenye uzio, akifuta mkono kwenye shuka, akisema Bismillahi, akitia tunda moja kinywani. Akatafuna pole pole, kwa heshima. Bibi akamuuliza kitu.

"Chachu kidogo," akasema Mzee kwa sauti, nadhani alitaka nisikie. "Limefanana na udongo wake."

Bibi akacheka, na katikati ya kucheka akaanza kulia, na akala moja, na akaendelea kulia. Mzee akatazama pembeni kwa adabu. Baadaye Bibi alikuja kwangu akanyoosha mkono kama siku ile. Nikampa ufunguo. Hakunifukuza. Nilifagia njia ile mwaka mzima, naijua jiwe kwa jiwe, na katika yale matunda saba sikuonjeshwa hata moja. Niliona ni haki.

Siku moja nilipokuwa nafagia nilimuuliza Mzee Salimu kwa nini alidanganya kwa ajili yangu. Alinitazama kwa mshangao. "Sikudanganya," akasema, akaenda zake stoo. Nikadhani ni unyenyekevu wa wazee. Alifariki miaka ile ile, tukamzika mjini, na nilisimama nje ya safu za wenzake wakimswalia, kofia mkononi. Nilirithi ufunguo na kile kijiko. Mtoto wa dada wa Bibi alituletea miche mingine, nami nikapata vipandikizi, na sasa kuna kumi na mmoja. Mnaifahamu. Mmekuwa mkiilamba midomo mkidhani siwaoni.

Sasa jambo la wiki iliyopita.

Nilikwenda kumsalimu Bibi, ambaye siku hizi anatembea na fimbo, gambuti bado zipo. Nikapita bustanini. Lazaro ndiye aliyechukua kazi yangu. Ni Mwarusha wa Elerai, baba wa watoto watatu, mkulima mzuri na mtu wa kanisani. Nilifurahi alipoajiriwa. Nilimwonyesha tangi, mkasi, nyavu, kijiko. Nikafika kwenye buluberi. Majani yalikuwa ya manjano, mishipa kijani.

Niliomba ndimu. Udongo ukachemka.

Lazaro alisimama kando yangu, karai mkononi, bado lina vumbi jeupe. "Nilitaka ipate nguvu, Mzee," akaninong'oneza. "Nimeikuta haijawahi kupewa." Nyuma yetu nikasikia fimbo ya Bibi kwenye mawe ya njia.

"Nani nafanya hii?"

Lazaro akafungua mdomo. Nikagundua kwamba kisigino changu kiko juu ya kiatu chake. Sikukiweka kwa kufikiri.

"Ni mimi, Memsabu," nikasema.

Na nilipokwisha kusema, nikasikia kwamba ni kweli. Nilimkabidhi kila kitu mtu huyu isipokuwa neno moja. Miaka yote ile, ukimtoa Bibi, sikumwambia mtu habari ya jivu, kwa aibu, nikaiita aibu hiyo staha. Nikaondoka na saa yangu mkononi nikamwachia karai. Mzee Salimu naye alipanda treni kwa haraka bila kunieleza habari ya jivu, naye alilijua hilo pale pale alipouonja udongo. Hakudanganya. Nilimdhania mwongo mwema kwa miaka yote hii, na alikuwa anasema ukweli mtupu.

Bibi alitutazama, mimi, Lazaro, karai. Ameishi sana. "Hii bustani," akasema, "kila wakati naleta mwanamume moja nasema ni mimi." Akageuka, akarudi barazani. Ufunguo hakuuomba.

Kwa hiyo, Lazaro, daftari hili ni lako kabla ya kuwa la wengine. Mitatu imekufa, minane bado inapumua. Magunia yapo nyuma ya tangi, na barua ya Bwana Miti Bibi ameshaiandika. Jumamosi nitakusindikiza mpaka kwenye mizinga ya baba. Kutoka hapo magoti yangu hayaendi tena, utapanda peke yako mpaka ukute kengele. Mimi nitakaa pale chini ya mizinga nikungoje, hata ukichelewa. Ukishuka na gunia lako, kabla hujalitua, nitakuuliza umeona nini.